Mkono wa Bibi Stefania

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa bafuni kama mwizi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika makao ya wazee wa Kiyahudi upande wa kaskazini wa Toronto, karibu na barabara ya Bathurst. Nilikuwa na cheti kipya cha uhudumu wa wazee, viatu vyeupe vilivyonibana, na ari ya mtu aliyefika Kanada juzi. Nikapewa bibi mmoja nimwogeshe. Nilifungulia bomba la mvua ili maji yapate moto kwanza, kisha nikamwita. Alipiga yowe ambalo hata leo nikilikumbuka nywele zinanisimama.

Mkuu wa Wauguzi alikuja mbio, miwani ikimning'inia kifuani. Alifunga bomba, akanishika kiwiko, akanitoa hadi ukumbini.

"Zuhura, umesoma faili lake?"

"Nimesoma, sista. Kisukari, na magoti."

"Hayo ni ya daktari. Huyu alikuwa kambini wakati wa vita, kwa Wanazi. Watu wake waliambiwa wanakwenda kuoga, wakafungiwa na gesi ya sumu, na hawakutoka. Humu ndani hatufungulii mtu maji ya juu kabla ya kumwuliza. Beseni na kitambaa, kiungo kimoja kimoja, na sehemu nyingine zote umezifunika. Umenielewa?"

Nilielewa, lakini nilikwenda chooni nikalia. Nilizaliwa Tanga. Shuleni vita ile tulifundishwa kwa ukurasa mmoja, na katika ukurasa ule hapakuwa na bafu.

Nyinyi mnaoingia katika kazi hii leo mnakuta mashine za kila namna. Sisi tulitumia mgongo. Nilikaa kule miaka sita, na kazi niliijulia kule. Nilijifunza kumgeuza mtu kitandani kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na kumlisha aliyesahau kumeza, kwa kumgusa koo taratibu kwa kidole. Nilijifunza pia maneno machache ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambayo kwa sikio la mgeni inafanana na Kijerumani. Mzee anayepoteza kumbukumbu hupoteza kwanza lugha aliyojifunza mwisho. Kiingereza kinaondoka, kisha kinachofuata, hadi anabaki na ile ya mama yake. Kwa hiyo ilinibidi nijue kwamba *vaser* ni maji, *kalt* ni baridi, na *genug* ni basi, inatosha.

Na kila Ijumaa kabla jua halijazama niliwaona akina mama wakifanya jambo moja. Waliwasha mishumaa miwili, wakazungusha mikono juu ya moto mara tatu kana kwamba wanauvutia kifuani, kisha wakafunika macho kwa viganja na kuomba kimyakimya. Hata waliosahau majina ya watoto wao hawakusahau hilo.

Baada ya hapo nilifanya kazi ya kuwahudumia watu majumbani kwao, Thorncliffe Park, katika yale maghorofa marefu yaliyojaa familia za wageni. Msimamizi wangu alikuwa sauti ya simu tu. Sikuwahi kumwona uso. Miguu ilipoanza kuvimba nikaomba kazi ya mahali pamoja, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi nikaajiriwa katika makao ya wazee ya upande wa mashariki, hatua chache kutoka Crescent Town ninakoishi. Hayakuwa ya dini yoyote. Mkurugenzi wa Huduma alikuwa bwana mrefu ambaye hakuzungumza bila kalamu mkononi.

Huko ndiko nilikokabidhiwa Bibi Stefania.

Faili lake lilisema: Mpolandi, Mkatoliki, mjane, aliyekuwa karani wa kiwanda cha nguo. Alikuwa na umri wa miaka themanini na zaidi, mdogo wa mwili, na rozari ilining'inia kwenye ukingo wa kitanda chake. Alifika Kanada uzeeni, akimfuata mtoto wake wa pekee, Halina, mwalimu wa hesabu aliyekuwa karibu kustaafu. Halina alikuja kila Ijumaa baada ya shule, bila kukosa, na supu ya viazi kwenye chupa ya chai. Nilimpenda kwa hilo. Siku moja tukiwa tunamvalisha mama yake soksi aliniambia, akicheka kidogo, "Walinipendekezea makao ya kule Bathurst. Nikasema hapana. Kule ni kwa Wayahudi, mama yangu angejisikia mgeni." Nami nikacheka, maana sikuona ubaya wowote.

Bibi Stefania alikuwa amekwisha kupoteza Kiingereza. Alibaki na Kipolandi, kisha siku moja nikimpa dawa alinisukuma mkono, akasema, "*Genug*."

Nilidhani nimesikia vibaya. Wiki iliyofuata akaomba *vaser*. Nikamwuliza Halina.

"Ni Kijerumani," alisema. "Wakati wa vita Wajerumani walimfanyisha kazi shambani. Hapendi kuzungumzia."

Jibu lilinitosha. Lakini Ijumaa moja ya baridi kali, saa kumi jioni na jua linakaribia kuzama, Halina akiwa bado hajafika, nilimpelekea sinia yenye vikombe viwili vya jeli. Alivipanga sambamba mbele yake. Akainua mikono, akaizungusha juu ya vile vikombe mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akafunika macho, na midomo yake ikaanza kucheza.

Nilisimama na kijiko mkononi. Nilikuwa nimemwosha mwanamke yule kila siku kwa karibu miaka miwili. Nilijua kovu lake la goti na namna anavyokohoa kabla ya kulala. Nikajiona sikuwa nimemjua hata kidogo.

Sikumwambia Nesi wa zamu wala Halina. Nilifanya jambo moja dogo ambalo mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki ya kulifanya. Kwenye ghorofa yetu aliishi Bi Rivka, Myahudi kutoka Poland, mcheshi, mwenye akili timamu kuliko wengi wetu wafanyakazi. Kesho yake kwenye chumba cha kulia nilimsogeza Bibi Stefania kutoka meza yake, nikamkalisha karibu na Bi Rivka.

Kwa siku tatu walikula kimya. Siku ya nne Bibi Stefania alilalamika kwamba supu ni *kalt*. Bi Rivka akaweka kijiko chini, akamjibu kwa lugha ileile. Basi wakaanza. Walizungumza kama wasichana waliokutana kisimani, na Bibi Stefania, ambaye kwa miezi sentensi yake ilikuwa na maneno matatu, alitoa hadithi nzima, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Ijumaa Halina aliingia na chupa yake ya supu akawakuta hivyo. Bi Rivka, hana habari ya kitu, alimpungia mkono.

"Wewe ndiye binti? Mbona hukuniambia ninyi ni Wayahudi? Mama yako ametoka mji wa tatu tu kutoka kwetu! Baba yake alikuwa mshona kofia."

Halina alitabasamu, akidhani bibi wa watu amechanganyikiwa. "Hapana, bibi. Sisi ni Wakatoliki. Mama yangu anaitwa Stefania."

"Hilo ni jina la cheti cha Kikatoliki alichofichwa nacho wakati wa vita," alisema Bi Rivka, sasa kwa sauti ya chini, kwa kuwa alianza kuelewa alichokifanya. "Ameniambia mwenyewe. Jina lake ni Sheindel."

Niliona rangi ikimtoka Halina usoni. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akamshika mikono miwili, akamwuliza kwa Kipolandi. Mimi Kipolandi sikijui. Maneno yote aliniambia baadaye, moja moja, na Bi Rivka aliyathibitisha.

"Mama, sisi ni Wayahudi?"

Bibi Stefania alimtazama mtoto wake, na nikaona hamtambui. Mgongo ulinyooka. Uso wote ulifunga.

"Hapana, ndugu," alijibu. "Mimi ni Mpolandi."

Hakumwita mwanangu. Alimwita ndugu, kama walivyoitana watu wa chama katika nchi zile za kijamaa, kama tulivyoitana na sisi Tanzania. Halafu akainua mkono wa kulia, juu kabisa, kidole kikielekea kwenye dari.

"Naunga mkono," alisema. "Afukuzwe."

"Nani, mama? Nani afukuzwe?"

"Injinia Leib."

"Injinia Leib ni nani?"

"Simjui, ndugu. Ni mtu wa kiwandani tu. Simjui."

Kisha akamgeukia Bi Rivka, mkono ungali juu, akanong'ona kwa Kiyidi. Bi Rivka alijifunika mdomo. Halina akapiga kelele, "Amesema nini? Amesema nini?" na Bi Rivka akajibu, "Amesema, ni kaka yangu."

Mkono haukushuka. Wazee wa umri ule hawawezi kushikilia mkono juu hata nusu dakika, lakini wake ulikaa, ukitetemeka kuanzia begani, na machozi yanamtiririka bila sauti. Nilikwenda nikaukamata kwa chini ya kiwiko, kama tunavyofundishwa, nikaushusha polepole hadi kwenye mapaja. Nikiuachia ulipanda tena. Ilibidi nikae pale nimeushika.

Jumatatu niliitwa ofisini. Halina alikuwa ameandika malalamiko ya kurasa mbili.

"Nani aliyembadilishia meza?" Mkurugenzi aliuliza, akigonga kalamu.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza yote, jeli na mikono na macho. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mwanamke huyu aliishika siri yake miaka sabini, Zuhura. Chini ya Wanazi, kisha chini ya serikali yake mwenyewe. Wewe umeifungua kwa kusogeza kiti. Ulikuwa unamsaidia yeye, au ulikuwa unataka kujua?"

Alinisimamisha kazi wiki mbili na kuniandikia barua ya onyo. Nilikaa nyumbani nikitazama theluji kwenye roshani. Swali lile liliniuma kuliko barua, kwa kuwa ukweli ni kwamba nilitaka kujua.

Niliporudi, Halina alikuwa ananingoja mlangoni. Nilidhani amekuja kunitukana.

"Zungumza na mimi," alisema. "Wewe ulikulia nchi gani? Mlikuwa na mikutano ya kuinua mikono namna hiyo?"

Tukakaa kwenye benchi la ukumbini, na sehemu alizokuwa amezipata kwa Bi Rivka akaniunganishia. Sheindel na kaka yake walikuwa watoto pekee wa nyumba yao waliobaki hai baada ya vita. Yeye alibaki na jina la cheti. Ndilo alilopata nalo kazi, na ndilo aliloolewa nalo. Kama mumewe alijua, alikufa nalo moyoni. Leib alibaki na jina lake. Serikali ya kijamaa ilikuwa imeahidi kwamba Myahudi na asiye Myahudi watakuwa kitu kimoja, naye aliamini, akasoma, akawa injinia wa kiwanda kilekile ambako dada yake alikuwa karani. Walikubaliana kupishana kwenye ngazi kama watu wasiojuana.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya sitini, chama kikageuka. Magazeti yakaanza kuandika juu ya wasaliti wenye asili fulani. Hawakusema Wayahudi, walitumia neno jingine, lakini kila mtu alijua nani anasemwa. Viwandani ikaitishwa mikutano ya wafanyakazi kuwataja na kuwafukuza. Bibi Stefania aliuhudhuria mkutano wa Leib, akakaa safu ya pili. Leib alinyang'anywa kazi na uraia, akapanda treni na sanduku lake, akaenda Uswidi. Dada yake hakwenda stesheni.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," Halina alisema. "Nakumbuka nilirudi kutoka shule nikaimba wimbo mmoja wa utani juu ya Wayahudi, tuliokuwa tunaimba sote. Mama alinipiga kofi. Hakuwahi kunipiga kabla wala baada. Nilidhani ni kwa sababu nimeimba nikiwa na chakula mdomoni."

Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, nikamshika bega.

Bibi Stefania alifariki mwezi wa nne mwaka huohuo, saa tano asubuhi, chumba kimejaa mwanga. Nilimfunga macho na kidevu. Halina alikaa kando ya kitanda na simu mkononi, namba ya padri imeandikwa kwenye karatasi, na kwa muda mrefu hakubonyeza chochote. Mwisho akasema, "Niitie Bi Rivka."

Wakaja wanawake watatu wa Kiyahudi wa kujitolea, ambao kazi yao ni kuwaosha maiti wanawake wenzao na kuwavisha sanda nyeupe isiyo na mfuko. Walipomwuliza Halina jina la marehemu, alishindwa. Bi Rivka akamjibia.

Nilifanya kazi miaka mingine minne. Nilistaafu na magoti mabovu na kadi iliyosainiwa na ghorofa nzima. Wajukuu zangu nikiwasimulia mambo haya wananielewa vizuri, wananijibu kwa Kiingereza, kisha wanarudi kwenye simu zao. Na Halina tumebaki marafiki. Yeye naye alistaafu, akaanza kumtafuta mjomba wake. Leib alikuwa amekwisha kufariki, lakini mtoto wake wa kiume alimjibu kutoka Uswidi, na barua ile Halina alinisomea jikoni kwangu, tena mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hatukuamini. Iliandikwa kwamba lazima pana makosa. Baba yake alikuwa na dada mmoja tu, na dada huyo aliuawa wakati wa vita. Kila mwaka aliwashiwa mshumaa wa kumkumbuka marehemu.

"Alimzika akiwa hai," Halina alisema. "Alimchukia kiasi hicho."

Hata hivyo akapanda ndege. Mjane wa Leib alikuwa bado hai, bibi wa miaka tisini na kitu, na alipoelezwa mgeni ni nani hakushangaa hata kidogo. Alisema amekuwa akimngoja. Kisha akamweleza yaliyotokea asubuhi ya mkutano. Leib alimpita dada yake kwenye geti la kiwanda, na bila kusimama wala kumtazama akamwambia, "Uwe wa kwanza kuinua mkono. Wakikuona wa kwanza, hawatakuuliza." Na kule ugenini alimtangaza kuwa maiti ili mtu yeyote asije akaandika barua, akamtaja, akamponza. Mshumaa ulikuwa wa kumwombea aishi.

Halina aliporudi na kunisimulia haya, alikuwa amekuwa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi nilishindwa kumaliza chai yangu. Sikumwambia kwa nini. Nawaambia ninyi.

Tanga, nilipokuwa msichana, palikuwa na muuza duka wa Kihindi mtaani kwetu, Bwana Kassim. Wakati wa uhaba wa bidhaa aliitiwa mkutano kwa mjumbe wa nyumba kumi, kiongozi wa chama mtaani, akashtakiwa kuficha sukari. Sukari yenyewe hakuna aliyeiona. Mjumbe akauliza nani anaunga mkono afungiwe duka na atoke mtaani. Mimi niliinua mkono. Bwana Kassim alikuwa akinipa pipi tangu nikiwa na meno ya utoto, na mimi niliinua mkono. Hakuna aliyeniambia kwa siri niuinue. Hakuna aliyenitisha. Wenzangu waliinua, nami nikainua, kisha nikaenda kuteka maji.

Nilikuwa nimeambiwa miaka mingi kwamba binti yake, Shirin, yuko Thorncliffe Park. Wiki moja baada ya Halina kurudi nilikwenda. Alinifungulia mwanamke mwenye mvi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kabisa, kitamu kuliko changu. Alinikaribisha, akanipa biskuti. Nikamwambia mimi ni nani, na nilichofanya, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Nilitazamia anifukuze. Kwa kweli nilitamani anifukuze.

Alinitazama kwa upole uliochanganyika na mshangao.

"Dada Zuhura, sikukumbuki," alisema. "Nisamehe. Mlikuwa wengi. Baba hakutuachia majina yenu."

Akamimina chai.

"Alituachia jina moja tu, na kila mwaka tulimwombea mtu huyo dua mpaka baba anafariki. Fundi viatu, Mzee Athumani. Unamkumbuka? Yeye hakuinua."